Kadi ya Mtani

Ligi ya wilaya ilipomalizika Jumamosi ile, mji wa Luanshya, huko kwenye migodi ya Zambia, haukujua bingwa ni nani, na haukujali, ulisherehekea tu. Mashabiki wa Dainamo waliingia barabarani wakiimba kwamba wamepanda daraja. Mashabiki wa Bombaz wakaingia barabara ile ile kutoka upande wa juu, wakiimba wimbo ule ule, na walipokutana kwenye kona ya duka la mikate waliimba pamoja kwa muda mzuri kabla hawajagundua kwamba kuna upande mmoja unajidanganya.

Kochi Kapembwa wa Dainamo hakuimba. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya goli, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, anahesabu kwa vidole. Mzee huyu aliendesha lifti ya mgodi kwa muda mrefu wa maisha yake, akiwashusha watu chini ya ardhi asubuhi na kuwatoa jioni, na watu wa mji walipenda kusema kwamba Kapembwa amempandisha kila mtu isipokuwa timu yake.

Mara mbili alikuwa ameikosa nafasi ya kupanda daraja baada ya kulingana pointi na timu nyingine. Mara ya kwanza ilikuwa kwa tofauti ya mabao. Mara ya pili mabao yalilingana, ikaangaliwa walipokutana wao kwa wao, ikaonekana Dainamo walifungwa kwa bao la kujifunga, na beki aliyejifunga mpaka leo akimwona Kapembwa sokoni anageuza njia. Ndiyo maana kanuni za kuvunja sare alikuwa anazijua kama wengine wanavyozijua sala zao.

"Pointi sawa," alimwambia mkewe, Mama Kaluba, aliyekuja kumchukua. "Tofauti ya mabao sawa. Mabao ya kufunga sawa. Tulipokutana, moja moja kwao, moja moja kwetu."

"Si mgawane kombe."

"Kombe hata ukilikata katikati ni sawa. Daraja halikatwi. Anapanda mmoja."

"Kwa hiyo wataangalia nini sasa?"

"Kadi," alisema Kapembwa, na neno lenyewe likatoka dogo kama la mtu anayekiri kwa padri.

Hesabu ya kadi ilikuwa hivi: njano ni pointi moja ya utovu wa nidhamu, nyekundu ni tatu, na mwenye chache ndiye anayepanda. Njano ikimwangukia kochi aliye benchi, yaani mtu mzima anayetakiwa kuwa mfano kwa vijana, inahesabiwa mbili.

"Bombaz wana kumi," alisema Kapembwa. "Sisi tuna kumi na moja."

"Na katika hizo kumi na moja, za mtu mzima ngapi?"

Kapembwa akaivuta kofia ikafunika na macho. "Mbili."

Walipofika nyumbani, Mama Kaluba alizungumzia Mungwi. Walikuwa wamepatana mapema kwamba Dainamo wakipanda, Kapembwa ataendelea nao hata kama itabidi abebwe kwenye toroli mpaka uwanjani. Wasipopanda, basi, wanafunga virago wanarudi kwao Mungwi kulima ulezi.

"Jembe lako nimeshalitia mpini," alisema Mama Kaluba. "Mpini mzuri kweli. Wa kukukaa mkononi."

Usiku huo huo Kapembwa akakata rufaa.

Kadi yenyewe aliipata mwezi uliopita. Refa alikuwa Mateyo Jere, Mngoni wa Chipata, mtu mnene mwenye mwendo wa taratibu ambaye hakuna aliyejua anafikaje kwenye mpira kwa wakati, lakini anafika. Winga wa Dainamo aliangushwa ndani ya eneo la penalti, akalia kama anachinjwa, na Jere akapunga mkono mchezo uendelee. Kapembwa akaruka kutoka benchi.

"Jere, macho yako umeyasahau kwenye mashimo ya panya. Penalti iko chini ya pua yako huioni, lakini panya akikohoa nyuma ya ghala unamsikia."

Uwanja ulicheka sana. Mbemba kama Kapembwa na Mngoni ni watani tangu babu zao walipopigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wawe wanatukanana tu, na Mngoni na panya wake wa kukausha ndio utani ambao kila Mbemba anaanza nao. Jere akamfuata kochi kwa mwendo wake ule ule, akatoa kadi ya njano, akamnyooshea karibu na mdomo kama anayemlisha mgonjwa.

"Shika ndizi," akasema. "Kamtegee kima, upate kula vizuri leo usiku."

Hapo uwanja ulicheka zaidi, maana Wabemba na kitoweo chao cha kima nao hawatenganishwi kwenye vinywa vya Wangoni. Mchezo ukaendelea. Lakini kadi ikishatoka mfukoni lazima iandikwe, na Jere aliiandika. Hakuna aliyedhani kwamba msimu mzima utakuja kuning'inia kwenye ndizi ile.

Shauri lilisikilizwa Jumapili baada ya kanisa, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi. Watu walijaa ndani, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani, na wanawake wa kuuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, wakapita katikati ya viti na ndoo zao kama vile ni mechi. Kwenye meza alikaa mwenyekiti wa ligi, Bwana Siamunda, Mtonga mwembamba aliyevaa koti la suti kwenye joto lile kwa ajili ya heshima ya kamati. Pembeni yake alikaa katibu, Bi Namukolo, Mlozi. Walozi na Watonga wafuga ng'ombe nao ni watani, na haikuwahi kutokea ajenda ya kwanza ikaisha bila Bi Namukolo kuuliza kama ng'ombe wa mwenyekiti nao wamepewa taarifa ya mkutano.

"Kochi," alisema Siamunda, "hoja yako ni ipi?"

Kapembwa alisimama. Kofia alikuwa ameishika mkononi. "Mheshimiwa, kumtukana mtani si utovu wa nidhamu. Kutomtukana ndiyo utovu wa nidhamu. Ningekaa kimya siku ile, Jere angedhani nina ugomvi naye."

Ukumbi ukanguruma kwa kukubali. Kutoka mstari wa mbele akainuka Kayombo, kochi wa Bombaz, Mluvale mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata.

"Mwenyekiti, kanuni hazina neno utani. Nimesoma zote."

"Hata kula hazina," alisema Bi Namukolo, "na bado unakula."

"Kanuni zinasema hivi," alisema Siamunda, akiwatuliza kwa kiganja. "Kadi inafutwa kama refa mwenyewe atakiri kwamba aliitoa kimakosa. Basi. Bwana Jere, lile lilikuwa tusi au utani?"

Jere aliinuka polepole, kiti kikashukuru. Alimtazama Kapembwa kutoka unyayoni hadi utosini.

"Mheshimiwa, hapo ndipo ninapokwama. Maneno yalikuwa ya utani, tena mazuri, hata nyumbani nilimsimulia mke wangu. Lakini sura haikuwa ya utani. Mtani anakutukana huku anacheka. Huyu alinitukana mishipa imemsimama shingoni kama kamba za kuanikia nguo. Sasa, kama alikuwa anatania, kadi yangu nayo ilikuwa utani, naifuta. Kama alikuwa amekasirika, alimtukana refa, na kadi inakaa."

Ukweli Kapembwa alikuwa anaujua. Alikuwa amekasirika. Alikasirika hata chakula cha jioni hakikupita, na mpaka leo akiikumbuka penalti ile anakosa usingizi.

"Nilikuwa natania," alisema.

"Tutajuaje?" aliuliza Kayombo.

"Rahisi," alisema Jere. "Mtani wa kweli hanuni. Mniachie nimtanie hapa hapa mbele ya kamati, ninavyotaka. Akinuna, kadi inakaa. Asiponuna, nafuta."

Siamunda alimwangalia katibu wake. "Naona ni haki," alisema Bi Namukolo. "Wewe nakutania kila mkutano na hujawahi kununa. Ila ng'ombe hawana sura ya kununa."

Mama Kaluba, aliyekaa mstari wa pili, alifunika uso kwa kitenge. Miaka yote ya ndoa alikuwa hajawahi kumwona mumewe akimaliza hata mchezo wa bao bila kununa.

Jere hakuharakisha. Kwanza alimsogelea Kapembwa, akachukua kofia mkononi mwake, akaivaa. Ilimkaa juu ya kichwa kikubwa kama kifuniko cha chupa. Kisha akachukua kikombe cha munkoyo cha Kapembwa, akanywa chote, akafuta mdomo kwa tai ya Kapembwa.

Kapembwa alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

"Jamani, mtazameni," alisema Jere kwa ukumbi. "Wabemba walitoka huko mbali magharibi, wakavuka mito, wakapita nchi nzuri zenye nyama za kila aina, wakasema hapana, twende mbele, kuna kima. Na huyu ndiye waliyemwacha awafundishe watoto mpira. Nimeiona Dainamo ikicheza. Wachezaji wote wanapanda, hakuna anayeshuka kukaba. Nikajiuliza mchezo huu nimeuona wapi. Kumbe ni mtini."

Ukumbi uliangua kicheko. Hata wachezaji wa Dainamo waliokuwa dirishani walicheka, mmoja wao akateleza akaangukia nje.

Kapembwa alijibu huku meno yamebana. "Afadhali sisi tulikuwa tunakwenda mahali. Nyie Wangoni mlikuwa mnakimbia tu kutoka kusini. Mlikimbia mpaka pumzi ikakata, mkaanguka Chipata, na mlipoanguka mkaona shimo la panya, mkasema tumefika."

"Eeh, huyo ndiye mtani," alisema Jere, akimpiga begani hadi akayumba. "Endelea hivyo hivyo, unakaribia kupona."

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kapembwa alishangaa kuona kwamba kifua kinafunguka kidogo. Jere alimketisha kitini, akamkalia mapajani kama mtoto mzito, akamwambia aimbe. Kapembwa akaimba. Jere akamwita mkwe, akauliza mahari ya binti yake Kaluba italipwa kwa mikia ya panya mingapi. Kapembwa akasema Kaluba ameshaolewa, lakini nyanya yake yupo, ana jino moja, litamtosha Mngoni yeyote. Bi Namukolo alikuwa ameacha kuandika, analia machozi kwa kucheka, na mwenyekiti amevua koti.

Kayombo aliona daraja linamponyoka. Akainuka.

"Na mimi niseme," alisema. "Timu yako, Kapembwa, kipa wenu anashika mpira kama anaogopa utamwambukiza. Na wewe ni kochi wa kupandisha lifti tu. Waya zikikatika, unasubiri fundi."

Uso wa Kapembwa ukabadilika pale pale. Mishipa ya shingo ikasimama. Alimsukuma Jere kutoka mapajani, na kumsukuma Jere si kazi ndogo.

"Kayombo, funga bakuli lako. Wewe umefika nafasi ya kwanza kwa kupaki wachezaji kumi golini kama magunia ya mahindi. Mpira wenu unanitia usingizi, na nilikuwa nakesha mgodini bila kusinzia."

"Amenuna," alisema Kayombo, akigeukia meza, mikono wazi kama mchungaji. "Mwenyekiti, umeona mwenyewe. Amenuna."

Siamunda alikuna kidevu. Mama Kaluba alishusha kitenge, akafumba macho, na ni wazi alikuwa anauona mpini wa jembe.

"Kayombo ni kabila gani?" aliuliza Bi Namukolo.

"Mluvale," alisema mtu dirishani.

"Mluvale na Mbemba ni watani?"

Ukumbi ulitafakari. Wazee wawili walinong'onezana, mmoja akatikisa kichwa. Hapana, hawakuwa watani, hakuna aliyekumbuka babu zao wakipigana vya kutosha.

"Basi kumnunia ni halali," alisema Bi Namukolo. "Na angecheka ndiyo ningemshangaa. Endelea, Bwana Jere. Kochi Kayombo, kama unataka kutukana watu, nenda kwanza ukapigane nao vita."

Kayombo akakaa, suruali ikakunjika.

Jere alirudi mbele ya Kapembwa. Safari hii hakumkalia mapajani. Aliivua kofia, akaipuliza vumbi, akamvalisha mwenyewe kwa upole, akaisawazisha kama mama anayempeleka mwanawe shule. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi wote ulisikia:

"Mtani, ile penalti ilikuwa penalti."

Hakuna aliyecheka.

"Niliiona vizuri kabisa," aliendelea Jere. "Beki alimshika winga wako jezi, akamkwatua mguu. Penalti safi. Ila jua lilikuwa kali na filimbi ilikuwa mfuko wa pili, nikaona uvivu."

Watu waligeuza shingo wamtazame Kapembwa. Mtu mmoja nyuma alisema taratibu, "Ameshamuua." Maana kochi yeyote, Mbemba au malaika, akiambiwa maneno hayo atavunja kiti.

Kapembwa alikuwa amesimama mdomo wazi. Moyoni mwake alingoja hasira ije, kwa sababu aliizoea, inakuja yenyewe kama mbwa aliyeitwa jina. Haikuja. Badala yake alihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, chepesi, cha kutekenya, kinapita kifuani kikifungua milango. Maisha yake yote ya uchezaji na ukochi, alikuwa amewalilia marefa wa kila aina, warefu, wafupi, wa kutoka Ndola, wa kutoka Kitwe, na hajawahi kupata hata mmoja wa kumwambia kwamba alikuwa sahihi.

"Rudia," alisema.

"Ilikuwa penalti."

"Mara moja tena, mtani, masikio yangu yameingia nta."

"Penalti."

Kapembwa alicheka. Alicheka akamkumbatia Jere, mikono haikuzunguka, akamkumbatia nusu. Alimzungusha nusu hiyo. Akamshika mkono Siamunda, akamshika Bi Namukolo, akamshika mama muuza munkoyo na ndoo yake. "Mmesikia? Mama Kaluba, umesikia? Nilikwambia. Nilikwambia siku ile, ukasema nile nilale."

"Nimesikia, Baba Kaluba. Hebu kaa."

"Siwezi kukaa. Katibu, andika. Andika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba refa amesema ilikuwa penalti."

Bi Namukolo akachukua kalamu. Jere akainua kidole.

"Ngoja kwanza, mama. Ukiandika, maana yake nimesema kweli. Na kama nimesema kweli, hatukuwa tunataniana hapa, tulikuwa tunatoa ushahidi. Na kama si utani, basi mimi kadi yangu siifuti."

Siamunda alivaa koti lake tena, kwa sababu mambo sasa yalikuwa ya sheria.

"Ni kweli," alisema. "Kochi, chagua. Ama yote yaliyosemwa ni utani, ya uwanjani na ya hapa, panya, kima, penalti na kadi, na hakuna linaloandikwa. Hapo mna tisa, Bombaz wana kumi, mnapanda. Ama yote ni kweli na yanaandikwa. Hapo utakuwa na penalti yako, na kumi na moja zako."

"Penalti iandikwe, kadi ifutwe," alisema Kapembwa.

"Hapana."

"Iandikwe kwa penseli."

"Kochi."

Kapembwa akakaa. Kutoka dirishani wachezaji wake walimtazama, kipa na winga na yule aliyeanguka nje ambaye sasa alikuwa amepanda tena. Kayombo naye aliinama mbele kwenye kiti chake, akamwambia kwa sauti ya huruma kabisa, "Haki ni haki, mzee. Mtu hauzi ukweli wake." Na kwa kweli Kapembwa aliyumba. Alijiona amekaa kibarazani Mungwi, karatasi yenye mhuri wa ligi imetundikwa ukutani, kila mgeni anayepita anasomewa: ilikuwa penalti. Lilikuwa jambo la kutamanika.

"Baba Kaluba," alisema mkewe, bila kupandisha sauti. "Wale watoto hawawezi kuicheza hiyo karatasi."

Kapembwa akasimama. Alivua kofia, akaikunja mikononi kama kitambaa cha kukausha vyombo. Maneno yalitoka moja moja.

"Haikuwa penalti. Winga wangu aliteleza."

"Rudia," alisema Jere, "masikio yangu yameingia nta."

"Aliteleza. Mwenyewe. Nyasi zilikuwa na umande."

"Saa tisa alasiri?"

"Umande wa saa tisa," alisema Kapembwa, na hapo ukumbi ulipasuka. Madirisha yalimwaga watu ndani. Winga mwenyewe alipigwa vibao vya mgongo na wenzake kwa kuteleza vizuri. Siamunda aligonga meza, akatangaza tisa kwa kumi, lakini aliyesikia ni Bi Namukolo peke yake, akaandika mstari mmoja: rufaa imekubaliwa. Mama Kaluba alikuwa anacheza katikati ya viti na kitenge juu ya kichwa, na jembe halikuwemo tena katika mawazo yake.

Walipotoka nje, wimbo ulikuwa wa upande mmoja sasa. Kapembwa aliwaponyoka waliotaka kumbeba, akamfuata Jere, aliyekuwa anaifungua baiskeli yake ukutani.

"Mtani," alimnong'oneza, "sasa tuko wawili tu. Niambie. Ilikuwa penalti, siyo?"

Jere alipanda baiskeli, ikalia. Alimtazama kwa upendo mtupu.

"Sijui, ndugu yangu. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu."

Damu ilimpanda Kapembwa hadi kwenye masikio. Alifungua mdomo, akavuta pumzi ya kutosha kutukana ukoo mzima, na jicho lake likaangukia mlangoni, ambako Siamunda alikuwa amesimama na kalamu mkononi, karatasi bado haijatiwa saini, na Kayombo pembeni yake amenyoosha shingo kama korongo.

Kapembwa akacheka. Alianza kwa meno tu. Kisha akamwona Jere anavyojitahidi kukanyaga pedali za baiskeli ile ndogo, akafikiria kamba ya kiatu, akafikiria alivyouza penalti ambayo hata mwenye filimbi hakuwahi kuwa nayo, na kicheko kikamshika cha kweli, kikamkalisha chini kwenye vumbi mbele ya mwenyekiti, na kila alipojaribu kusimama kilimrudisha.

"Tia saini," Bi Namukolo alimwambia Siamunda. "Huyu hanuni leo."